Ziara Ijayo ya Iron Maiden: Dar Tunabashiri Swali Lisilo Lenyewe

Mashabiki wa hevi metali wa Dar es Salaam si wengi, lakini wakikutana hawaachani mapema. Iwe Sinza au Mikocheni, mazungumzo yakishaanza na gita hayakawii kufika kwa Iron Maiden, bendi kongwe ya Uingereza, na yakifika hapo swali huwa moja: ziara ijayo wanakuja Afrika Mashariki au hawaji? Mmoja atasema amesikia kwa mtu aliye karibu na promota wa Nairobi. Mwingine atatoa simu na kuonyesha picha mpya ya Eddie, lile zimwi la bendi, akidai mchanga ulio nyuma yake ni wa huku kwetu. Wa tatu atakumbusha kwamba bendi iliwahi kuwa na ndege yake, kwa hiyo umbali si hoja.

Nawapenda watu hawa, na kubashiri ziara nakuhesabu kuwa sehemu halali ya ushabiki, kama tetesi za usajili zilivyo kwa mtu wa Simba au Yanga. Kinachoniuma ni maarifa mengi kiasi kile kutumiwa kwenye swali lisilo lenyewe. “Watakuja Dar?” jibu lake, kwa miaka ya karibuni, ni hapana. Maswali yenye faida ni mengine: baada ya ziara hii ya miaka 50, ijayo itakuwa ya aina gani, itapita bahari ipi, na ikigusa Afrika itagusa wapi? Hayo yanajibika. Yamo katika safari zao za miaka 20 iliyopita, na shabiki wa Dar akizisoma vizuri anaweza kuanza kuweka nauli pembeni mapema, kabla tangazo halijatoka na bei hazijapanda.

Tuanze na aina ya ziara. Tangu mwimbaji Bruce Dickinson na mpiga gita Adrian Smith warudi kundini mwaka 1999, Iron Maiden wamekuwa wakipokezana zamu mbili: ziara ya albamu mpya na ziara ya kumbukumbu. Mwaka 2005 walizunguka na nyimbo za albamu nne za kwanza. Mwaka 2006 wakaingia barabarani na albamu mpya, A Matter of Life and Death, wakaipiga yote jukwaani, mwanzo hadi mwisho, huku baadhi ya waliolipa kiingilio wakinung'unika kwamba za zamani walizozifuata hawakuzipata. Mwaka 2008 na 2009 wakarudi kwenye miaka ya 1980. Mwaka 2010 na 2011, albamu mpya. Kuanzia 2012 hadi 2014, kumbukumbu, na jukwaa lililofuata lile la 1988. Mwaka 2016 na 2017, albamu mpya. Kuanzia 2018 hadi 2022, kumbukumbu tena, ikakatizwa katikati na korona. Mwaka 2023 na 2024 wakachanganya: sehemu kubwa ikatoka albamu ya Senjutsu ya 2021, nyingine ikatoka albamu ya Somewhere in Time ya 1986. Ndipo ikaja hii ya nusu karne, iliyofunguliwa Budapest tarehe 27 Mei 2025 kwa nyimbo za kuanzia 1980 hadi 1992 tu, ikavushwa hadi 2026, na tarehe 11 Julai ikapewa kiwanja cha Knebworth huko Uingereza.

Kwa mpangilio huo, zamu inayofuata ni ya albamu mpya. Ndiyo maana simwelewi mbashiri anayetaja miji kabla ya kutaja studio. Albamu tatu za mwisho zilitoka 2010, 2015 na 2021, yaani pengo la miaka 5, kisha 6. Ukiendeleza hesabu hiyo unaangukia 2026 au 2027. Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi wanalisahau: Senjutsu ilirekodiwa Paris mwaka 2019, ikakaa kabatini hadi Septemba 2021. Bendi ilitembea na siri hiyo zaidi ya mwaka mzima, mwaka 2019 ikapanda majukwaani kama kawaida, na mashabiki hawakuthibitishiwa chochote. Kwa hiyo anayesema “hawana albamu kwa sababu hawajasema” hana ushahidi, na anayesema “ipo, nimeambiwa” hana pia.

Ushahidi bora uko kwenye kalenda za wanamuziki wenyewe. Steve Harris, mpiga besi aliyeanzisha bendi hii mashariki ya London mwaka 1975, ana kundi lake la pembeni liitwalo British Lion. Adrian Smith anapiga na mpiga gita Richie Kotzen, na walitoa albamu ya pili mwaka 2025. Dickinson alitoa albamu yake binafsi mwaka 2024 na kuzunguka nayo. Kila mmoja wao anapotangaza shoo za pembeni, anakuwa ametuambia miezi ambayo Iron Maiden haitakuwa barabarani. Ukiweka tarehe hizo kwenye karatasi moja, miezi inayobaki wazi ni michache, na ubashiri wako unaanza kuwa na uzito kuliko mchanga ulio nyuma ya Eddie.

Nisije nikaonekana napuuza tetesi, nitatoa mfano ambao mashabiki walishinda. Wimbo “Alexander the Great” uko kwenye albamu ya 1986. Kwa miaka 37 bendi haikuwahi kuupiga mbele ya watu. Kila ziara ilipokaribia, mashabiki waliutaja. Kila ziara ilipoanza, haukuwemo. Ukawa wimbo wa kuombea dua. Bendi ilipotangaza kwamba ziara ya 2023 itajengwa juu ya albamu ile ya 1986, wale waliozoea kusoma orodha za nyimbo waliona mlango umefunguka: ikiwa si sasa, ni lini? Tarehe 28 Mei 2023, Ljubljana, ukapigwa kwa mara ya kwanza. Waliobashiri walikuwa wameangalia albamu gani inarudishwa, nyimbo zipi zimechoshwa kwa kupigwa kila mwaka, na nafasi ngapi zimebaki. Hawakuhitaji kumjua promota yeyote. Huo ndio ubashiri ninaoutaka Dar.

Kuna jambo zito zaidi, na wengi wetu tunalikwepa kwa sababu linauma. Harris alizaliwa 1956. Mpiga gita Dave Murray, ambaye pamoja na Harris ndio pekee waliomo kwenye albamu zote, ni wa mwaka huohuo. Smith na mpiga gita mwenzao Janick Gers ni wa 1957, Dickinson wa 1958. Dickinson aligunduliwa na saratani mwishoni mwa 2014, akatibiwa, akapona, na ziara iliyofuata ikasogezwa hadi 2016 ili apate nguvu. Nicko McBrain, mpiga dramu aliyeingia kundini 1982, alipata kiharusi Januari 2023. Alijifunza upya, akapanda jukwaani miezi michache baadaye, akamaliza ziara nzima kwa kurahisisha baadhi ya sehemu ambazo mkono ulikataa. Tarehe 7 Desemba 2024, São Paulo, akapiga shoo yake ya mwisho. Alikuwa na miaka 72. Kiti chake kimekaliwa na Simon Dawson, ambaye Harris anamjua vizuri kutoka British Lion.

Mtu wa Dar hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili, kwa sababu tuna bendi kongwe kuliko Iron Maiden. Msondo Ngoma ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, miaka 11 kabla Harris hajakusanya vijana wenzake. Ikaitwa Juwata, ikaitwa OTTU, ikabaki Msondo. Mlimani Park, Sikinde yenyewe, ni ya 1978, mwaka ambao mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alihamia huko kutoka Juwata. Gurumo aliendelea kuimba hadi alipostaafu 2013, akatutoka Aprili 2014. Watu waliozoea kwenda kumsikiliza wanajua ilivyokuwa miaka ile ya mwisho: ulikuwa unaenda kwa sababu wimbo ni mzuri, na pia kwa sababu nafasi ya kumsikia ilikuwa inapungua. Baada yake Msondo imeendelea, kwa kuwa mfumo wa dansi letu unaruhusu bendi iishi kuliko waanzilishi. Watu wamehama, wamerudi, wamezikwa, jina limesimama.

Iron Maiden haijajengwa hivyo. Mpiga dramu amebadilishwa na bendi imesimama. Hata mwimbaji aliwahi kuondoka, 1993, na bendi ikaendelea bila yeye hadi 1999, ingawa waliokuwepo wanakumbuka jinsi kumbi zilivyopungua ukubwa. Lakini Harris ndiye mwenye nyumba, na siku akiweka besi chini sioni jina lile likibaki barabarani. Kwa hiyo kila ziara ijayo tuihesabu kuwa inaweza kuwa ya mwisho kwa ukubwa huu. Black Sabbath walifunga safari yao Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, na mwimbaji wao Ozzy Osbourne akafariki tarehe 22 ya mwezi uleule. Kati ya kuaga na kufa zilipita siku 17. Aliyesema “nitawaona safari ijayo” hakupewa safari nyingine.

Umri unabadilisha pia ramani. Ziara yao ya 1984 na 1985 ilikuwa na shoo karibu 190 ndani ya miezi 11. Hakuna mtu wa miaka 70 anayefanya hivyo, na haipaswi kutarajiwa. Siku hizi wanapumzika kati ya usiku na usiku, wanagawa dunia katika vipande, wanakaa Ulaya kiangazi kimoja kisha wanarudi nyumbani. Ziara ya namna hiyo huchagua miji kwa uangalifu mkubwa. Mji mpya, wa mbali, usio na uzoefu wa shoo nzito, unakuwa wa kwanza kukatwa.

Sasa bahari. Hapa ndipo nadhani Dar tuna macho mazuri kuliko tunavyoyatumia, kwa kuwa tunaishi ukingoni mwake. Iron Maiden wameshaizunguka Bahari ya Hindi. Mwaka 2007 walipiga Dubai na Bangalore. Tarehe 1 Februari 2008 walianzia ziara nzima Mumbai, wakisafiri kwa Boeing 757 iliyopewa jina la Ed Force One, Dickinson mwenyewe akiwa rubani. Mwaka 2016 wakapanda daraja hadi Boeing 747-400, kubwa kiasi cha kubeba watu na vyombo pamoja. Ndege ile iligongana na gari la kuivuta huko Santiago, Chile, injini mbili zikaharibika, na bado shoo zilizofuata zikapigwa. Mei mwaka huo walitoka Australia, wakavuka bahari hii yetu, wakapiga Cape Town na Johannesburg, kisha wakaendelea Ulaya.

Tazameni uelekeo. Afrika Kusini ilipata shoo zake kwa kuwa ilikuwa njiani kati ya Australia na Ulaya. Mwaka 2024 walikwenda tena Australia, na baadhi yetu tukaanza kuota Johannesburg. Haikuwa, na sababu iko wazi ukiangalia ratiba: walianzia Perth, magharibi mwa Australia, tarehe 1 Septemba, wakasonga mashariki hadi New Zealand na Japani, wakavuka hadi Amerika, wakamalizia Brazili. Afrika ilikuwa nyuma yao tangu siku ya kwanza. Ndege yao wenyewe nayo haikuwepo. Kwa hiyo siku ratiba mpya ikitoka kwa vipande, kipande cha Australia ndicho cha kutazama kwanza, na ndani yake tazama kama Perth ni mwanzo au mwisho. Ikiwa mwisho, na nyuma yake kuna wiki mbili tupu kabla ya Ulaya, hapo pana sababu ya kushtuka.

Wengine watasema: kama wanavuka bahari hadi Cape Town, Dar iko njiani pia. Ramani inasema hivyo, ndiyo. Hata mizigo si kikwazo tena. Air Tanzania ina Boeing 767 ya mizigo tangu 2023, inayobeba tani 54, na jengo la tatu la abiria pale Julius Nyerere lilifunguliwa 2019. Kikwazo ni mahali pa kupigia. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000, na ni wa mpira. Kuujaza nusu kwa metali haiwezekani hapa, na kufunika nyasi zake kwa jukwaa zito katikati ya msimu ni ugomvi ambao hakuna promota anautaka. Mwaka 2027 viwanja vya Tanzania, Kenya na Uganda vina AFCON. Leaders Club ni pazuri kwa dansi na bongo fleva, lakini ni uwanja usio na paa; mvua ya masika ikikukuta hapo na vyombo vya umeme vya bendi ya kigeni, umekwisha. Kumbi zetu zenye paa zimejengwa kwa mikutano na harusi. Dari zake hazikukusudiwa kuning'iniza taa na spika za tani kadhaa.

Kigali wamelitatua hilo. BK Arena ilifunguliwa 2019, ina viti 10,000 na paa, na tazameni kilichofuata: Kendrick Lamar Desemba 2023, John Legend Februari 2025. Rwanda ni nchi ndogo kuliko sisi kwa watu na kwa eneo, na soko lake la muziki ni dogo kuliko letu. Walijenga jengo linalofaa, na ziara zikapata pa kutua. Kama Iron Maiden watagusa ukanda huu wakati wa uhai wa Harris jukwaani, mimi ningeweka dau Kigali kabla ya Nairobi, na Nairobi kabla ya Dar. Nasema hivi nikiwa mtu wa Dar, na linaniuma, kwa sababu huu ni mji wa mamilioni, wenye bandari, wenye bendi tangu kabla ya uhuru, na bado hatuna ukumbi mmoja wa kudumu uliojengwa kwa ajili ya muziki wa kiwango hicho.

Soko nalo tuseme ukweli. Wengi hapa walikutana na Iron Maiden kifuani mwa mtu kabla ya kuwasikia: fulana ya Eddie iliyotoka kwenye belo la mitumba pale Karume, ikavaliwa na dereva wa bodaboda aliyependa mafuvu na rangi. Ukimuuliza ni bendi gani, atakwambia ni nguo tu. Mwingine atakukimbia, kwa kuwa picha za namna ile kwetu huitwa za frimasoni. Tuhuma hiyo si ngeni kwao. Albamu yao ya 1982 ilizua kelele hizohizo Marekani, hadi sahani zake za santuri zikachomwa moto. Lakini hofu ile hapa ina gharama: mdhamini wa vinywaji au mtandao wa simu hatasogea karibu na jina linaloweza kumletea maneno ya wachungaji na mashehe kwa pamoja.

Sikubali, hata hivyo, kwamba muziki huu si wa kwetu. Dar ilikuwa na Sunburst, waliopiga gita zito lililochanganywa na midundo ya Kiafrika na kutoa albamu 1976, mwaka mmoja baada ya Iron Maiden kuanza. Nairobi imewatoa Duma, vijana wawili ambao albamu yao ya 2020 ni nzito kiasi kwamba Iron Maiden wanasikika wapole pembeni yake. Botswana ina mashabiki wa metali wanaojulikana dunia nzima kwa mavazi yao ya ngozi. Zambia imewarudisha WITCH barabarani, wazee waliokuwa wamesahaulika, na sasa wanazunguka Ulaya na Amerika. Ukanda huu una masikio. Hauna tu mtu aliyeyakusanya masikio hayo sehemu moja, yakahesabika na promota akayaona. Mashabiki wa Dar wanaojitokeza kwenye shoo ndogo ya gita Nairobi wanafanya kazi kubwa zaidi ya kuileta bendi kubwa huku kuliko wanaoandika “njooni Tanzania” chini ya kila picha ya Eddie.

Basi ubashiri wangu ni huu. Ziara ijayo itakuwa ya albamu mpya, na kama albamu haipo hakutakuwa na ziara kubwa bali shoo chache za matamasha ya Ulaya. Itakuwa fupi kuliko hii. Nyimbo za zamani zitapungua, na wale wanaotaka kusikia miaka ya 1980 watakuwa wameikosa, kwa kuwa hii ya nusu karne ndiyo ilikuwa yao. Afrika itaingia tu ikiwa bendi itarudi Ulaya kutoka Australia, na ikiingia itakuwa Johannesburg na Cape Town.

Kwa shabiki wa Dar hiyo si habari mbaya. Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi mafupi. Anahitaji pasipoti hai, nayo inaweza kushughulikiwa leo kabla ya tangazo lolote. Kwa ndege ni safari ya saa tatu na kitu. Asiyemudu ndege anaweza kupita Tunduma, Lusaka na kuendelea kwa basi, siku kadhaa za kuchoka. Watu kumi wakichanga kila mwezi, wakagawana chumba, gharama inashuka hadi kufikika kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Tiketi za Afrika Kusini zikiingia sokoni hazingoji mtu aanze kutafuta picha za pasipoti.

Nikiulizwa nianze kutazama lini, ninasema tangu sasa: orodha za shoo za British Lion, safari za Dickinson peke yake, na neno lolote kuhusu studio ya Paris. Perth baadaye.